Shule ya Mgonjwa Anayerudi

Mwenye malaria akipata dawa sahihi hupona akaenda zake, na aliyemtibu huenda asimwone tena mwaka mzima. Mwenye kisukari hurudi. Hurudi mwezi ujao na mwezi wa baada yake, na mambo yakienda vizuri atakuwa anarudi kwa miaka thelathini. Ndivyo alivyo mwenye presha, mwenye pumu, mwenye kifafa, mtoto mwenye selimundu na mtu anayetumia dawa za kufubaza Virusi vya Ukimwi. Kumtibu mtu wa namna hii kunahitaji stadi ambazo mwanafunzi hazipati kwa kuzunguka wodini wiki sita: kupandisha dozi kwa wakati, kukagua miguu kabla kidonda hakijatokea, kuzungumza na mtu aliyechoka kumeza vidonge, na kutambua kwamba fulani hakufika kliniki mwezi huu kisha kumtafuta.

Kwa sababu hiyo mafunzo ya uzamili yanayotolewa mtandaoni kwa madaktari, wauguzi, matabibu na wafamasia yanastahili kuchunguzwa kwa makini. Vyuo vikuu vya Wales vimefundisha kisukari kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Cape Town kinafundisha tiba shufaa kwa wataalamu walio mbali na chuo. Mpangilio wa kawaida wa mafunzo haya ni huu: mwaka mmoja wa moduli fupi fupi zinazomletea mwanafunzi visa vya wagonjwa, mijadala ya kikundi kidogo chini ya mkufunzi, na kumbukumbu anazoandika kuhusu kazi yake mwenyewe. Akimaliza hapo hupata stashahada ya uzamili. Akiendelea na mradi wa utafiti hupata shahada.

Swali lililo muhimu kwa jamii ni moja: elimu hiyo humfikia mgonjwa? Naamini inaweza kumfikia. Nasema zaidi ya hapo: kwa magonjwa ya muda mrefu, kusoma ukiwa kituoni kwako ni njia ya asili zaidi kuliko kuondoka kwenda mjini, kwa kuwa kinachotakiwa kujifunzwa ni kumfuata mtu yuleyule kwa muda. Aliyeacha kituo chake kwa miaka miwili ili akasome amewaacha nyuma wale ambao angejifunza kwao. Lakini hayo hayaji yenyewe. Kozi inapaswa kujengwa juu ya wagonjwa halisi wa mwanafunzi, awepo mtu anayeitazama kazi yake, na akihitimu apewe mamlaka na vifaa vya kutenda alichojifunza.

Mzigo uliohama

Katika miaka ya 1980 Donald McLarty na wenzake walipima sukari ya watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba wenye kisukari hawakufika hata mmoja kati ya mia. Mwaka 2012 upimaji wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliwakuta takribani 9 kati ya kila watu 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na kisukari, na takribani mtu mmoja kati ya wanne akiwa na shinikizo la juu la damu. Vipimo vya nyakati hizo mbili havilingani, umri wa waliopimwa haulingani, na mara ya pili watu wa mijini walihesabiwa. Hata hivyo mwelekeo hauna ubishi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika kanda yake ya Afrika magonjwa yasiyoambukiza yalisababisha asilimia 24 ya vifo mwaka 2000 na asilimia 37 mwaka 2019.

Nyuma ya takwimu hizo wamo watu wasiojijua. Upimaji wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya Waafrika wenye kisukari hawajui kuwa wanao. Mtu wa namna hiyo hatagunduliwa na daktari bingwa katika hospitali ya rufaa, kwa sababu hana sababu ya kwenda huko. Atagunduliwa na muuguzi wa zahanati aliyemfunga mkono mashine ya presha siku alipokuja kwa kikohozi. Huyo muuguzi ndiye mwanafunzi tunayemzungumzia.

Na uzoefu wa kumsomesha tunao. Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Kliniki za dawa hizo, ziitwazo CTC, zikatufundisha kwamba mgonjwa wa kudumu anahitaji kadi, tarehe ya kurudi, na mtu wa kumfuatilia asipofika. Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika Afrika Kusini ambamo baadhi ya wagonjwa wa VVU walisimamiwa na wauguzi na wengine na madaktari. Wale wa wauguzi hawakufanya vibaya kuliko wenzao. Kwa hiyo ubishi wa kama muuguzi aliyefunzwa anaweza kusimamia ugonjwa wa maisha umekwisha kujibiwa. Kilichobaki ni namna ya kuwafunza walio wengi bila kuzifunga zahanati zao.

Kusoma bila kuacha zamu

Kusoma ukiwa mbali na chuo kuna umri mrefu. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wasiohudhuria madarasa yake tangu mwaka 1858. Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wengi wamepata shahada zao humo bila kuacha kazi.

Katika afya, mfano wenye mafunzo mengi ni wa Kenya. Mwaka 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti kwenda stashahada kwa kutumia kompyuta. Wauguzi hao walikuwa zaidi ya 20,000, na kwa idadi ambayo vyuo viliweza kuipokea darasani kila mwaka, hesabu zilionyesha kwamba kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100. Kompyuta ziliwekwa katika hospitali na vyuo vya uuguzi, muuguzi akasoma baada ya zamu, na mazoezi ya vitendo akayafanya wodini chini ya wasimamizi. Ngazi ile haikuwa ya uzamili, lakini somo lake linafika hadi huku juu. Masomo yalisafiri, mwanafunzi akabaki, na chuo hakikujidanganya kwamba kompyuta inaweza kumfundisha mtu kufunga kidonda.

Je, anayesoma hivyo hujua sawa na aliyekaa darasani? Mwaka 2008 David Cook na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA uchambuzi wa tafiti 201 kuhusu ufundishaji wa wanataaluma wa afya kwa intaneti. Waliosoma kwa intaneti walijua zaidi sana kuliko wasiopewa mafunzo yoyote. Walipolinganishwa na waliofundishwa kwa njia za kawaida, tofauti ilikuwa ndogo mno. Maana yake ni kwamba tukiendelea kuuliza kipi bora kati ya skrini na ubao tunapoteza muda. Skrini ni njia ya kupitishia tu. Cha kuuliza ni nini kinapita humo na nani yuko upande wa pili.

Wagonjwa wa Albuquerque

Jibu la wazi zaidi nilijualo lilitoka New Mexico, jimbo la Marekani lenye ardhi kubwa na watu wachache. Mwaka 2003 Sanjeev Arora, bingwa wa magonjwa ya ini katika Chuo Kikuu cha New Mexico jijini Albuquerque, alikuwa na kliniki ya homa ya ini aina ya C ambayo mgonjwa alisubiri hadi miezi minane kupata nafasi. Arora akaanzisha Project ECHO. Mara moja kwa wiki madaktari na wauguzi wa magereza na wa vituo vya mbali walikutana kwa video na jopo la mabingwa. Lilitolewa somo fupi, kisha kila mmoja akaeleza habari za mgonjwa wake bila kumtaja jina, wote wakajadili, na aliyemleta akaondoka na la kufanya. Wiki zilizofuata aliulizwa mgonjwa anaendeleaje.

Mwaka 2011 matokeo ya wagonjwa 407 yalichapishwa katika New England Journal of Medicine. Waliotibiwa na mabingwa wa chuo kikuu na virusi vikatoweka walikuwa asilimia 57.5. Waliotibiwa vituoni na magerezani walikuwa asilimia 58.2. Utafiti ule haukuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hivyo hatuwezi kuutwisha zaidi ya uwezo wake. Lakini unatosha kuonyesha kwamba maarifa ya bingwa yanaweza kukaa mikononi mwa mtu aliye mbali naye, iwapo anayafanyia kazi kwa mgonjwa wake wiki kwa wiki na kuna wa kumuuliza. Tangu mwaka 2015 Namibia imeutumia mtindo huo kwa wahudumu wa kliniki za VVU.

ECHO haitoi shahada, na kozi nyingi za shahada hazina kikao cha namna hiyo. Pengo hilo linaumiza, kwa sababu kila upande unacho kilichokosekana kwa mwenzake. Shahada hutoa msingi, mpangilio, mtihani na cheti kinachotambuliwa na mwajiri. Kikao cha kila wiki hutoa mgonjwa na mshauri. Chuo kinachotaka kufundisha magonjwa ya muda mrefu kwa dhati kingeviunganisha, kikamtaka mwanafunzi alete wagonjwa wake kumi wa kweli, siri zao zikiwa zimehifadhiwa, akae nao kozi nzima, na alama zake zitokane na alivyowatunza.

Yasiyopita kwenye skrini

Yako mambo ambayo mkono hujifunza kwa mkono. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Wizara ya Afya ya Rwanda na shirika la Partners In Health walianzisha katika hospitali za wilaya vijijini kliniki zinazoendeshwa na wauguzi kwa ajili ya wenye moyo uliodhoofika, kisukari kinachohitaji insulini na magonjwa mengine mazito. Wauguzi walifundishwa hata kutumia mashine ya mawimbi ya sauti kuutazama moyo na kutambua aina kuu za hitilafu zake. Hakuna aliyejifunza hilo kwa video peke yake. Bingwa aliketi kando ya muuguzi, akamrekebisha mkono, akarudi tena baada ya wiki kadhaa. Uzoefu huo ulichangia mkakati wa kutibu magonjwa ya aina hiyo unaoitwa PEN-Plus, uliopitishwa na nchi za kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani huko Lomé, Togo, Agosti 2022.

Kwa hiyo kozi ya mtandaoni inayodai kutosheleza kila kitu inawakosea wanafunzi wake. Iliyo njema huorodhesha stadi za mikono, kama vile kupima hisia za nyayo kwa uzi maalumu, kumwelekeza mwenye pumu avute dawa ifike kifuani isiishie kooni, na kusoma kipimo cha umeme wa moyo. Kisha huandikishiana na hospitali ya mkoa au ya kaunti ili mwanafunzi akazifanye mbele ya mtu na kuidhinishwa moja moja.

Cheti na kalamu

Tuseme muuguzi amehitimu. Amejua mgonjwa huyu anahitaji dawa ya pili ya presha leo, asingoje miezi sita. Lakini kanuni za kituo hazimruhusu kuiandika, au dawa imekwisha dirishani, au vitepe vya kupimia sukari havijaletwa. Mkono mtupu haulambwi. Mgonjwa aliyesafiri asubuhi akaambulia ushauri mtupu atakuja mara mbili, ya tatu hatakuja.

Uganda ililiona hili mapema. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, akatumia mofini ya maji, dawa ya bei nafuu inayoondoa maumivu makali ya saratani. Madaktari walikuwa wachache na maumivu yalikuwa vijijini. Basi mwaka 2004 sheria ikabadilishwa, wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Taasisi ya hospisi hiyo imefundisha pia kwa masafa hadi ngazi ya chuo kikuu, kwa ushirikiano na Makerere. Hapo elimu, kalamu na dawa vilitembea pamoja, na kwa sababu hiyo mgonjwa aliye mbali na Kampala aliweza kulala usiku.

Mara nyingi sisi tumefanya kinyume: tunafadhili masomo kwanza, mamlaka tunayafikiria baadaye, dawa tunaziachia bajeti ya mwaka ujao. Wizara na mabaraza ya taaluma yanapaswa kuamua kabla ya mwanafunzi wa kwanza kujiandikisha: mwenye stashahada hii ataruhusiwa kufanya nini ambacho jana hakuruhusiwa. Kama jibu ni "hakuna", fedha hizo zinunue dawa.

Ugali, mfungo na lugha

Kozi iliyotungwa Ulaya hufundisha hesabu ya wanga kwa mkate na viazi vya kuoka. Mhitimu wake akirudi kliniki ya Tanga anakutana na ugali wa dona, wali wa nazi, mihogo ya jioni barazani, na chai yenye sukari vijiko vitatu. Mwambaoni, swali linalorudi kila mwaka ni la mfungo: nani mwenye kisukari anaweza kufunga Ramadhani kwa usalama, nani asifunge, na dozi za wakati wa daku na futari zipangwe vipi. Mwongozo wa kimataifa upo, uliotolewa mwaka 2016 na kuhuishwa 2021, ila hautasaidia kitu ikiwa mhudumu hakuuona, au hajui kuukalisha pamoja na imani ya mtu anayeona haya kula mchana. Zaidi ya hapo, nyumba nyingi hazina jokofu la kuhifadhia insulini. Mtungi wa udongo wenye maji, uliowekwa kivulini, hupooza vizuri, na hilo ni somo la tiba kama lilivyo somo la kongosho.

Kisha iko lugha. Mwanafunzi husoma kwa Kiingereza, akafaulu kwa Kiingereza, halafu asubuhi anakaa mbele ya mama anayesema "presha yangu imepanda kwa mawazo" na "sukari imeshuka, nimeacha vidonge". Kumweleza mama huyo kwamba mara nyingi presha haina dalili, kwamba kujisikia vizuri ndiko dawa kufanya kazi, na kwamba kipimo hiki kinaonyesha wastani wa sukari yake wa miezi mitatu, ni kazi ya ufasaha. Kozi nzuri itampima mwanafunzi kwa mazungumzo yaliyorekodiwa kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, Kiluo au Kinyarwanda, kwa idhini ya mgonjwa, na itampa alama kwa alivyosikiliza na alivyoeleweka. Bila hilo tunawapa shahada watu wanaojua sana lakini hawaeleweki.

Nani anasoma, nani analipa

Ada ya chuo cha nje hutozwa kwa pauni au dola, na kwa muuguzi wa serikali inaweza kula mshahara wa miezi mingi. Juu yake kuna bando, kuna umeme unaokatika, kuna zamu ya usiku na watoto wanaosubiri nyumbani. Mzigo huu ni mzito zaidi kwa wanawake, ambao ndio wengi katika uuguzi. Kozi za bure zilizo wazi kwa dunia nzima zipo, lakini kwa jumla wanaojiandikisha ni wengi na wanaomaliza ni sehemu ndogo tu. Msomaji mpweke huchoka.

Yanayoweza kupunguza mzigo yanajulikana. Masomo yapakuliwe mara moja na kusomwa bila intaneti. Vikao virekodiwe kwa sauti tupu, nyepesi kwa simu. Watumishi watatu au wanne wa wilaya moja wasome pamoja ili wasaidiane. La msingi kuliko yote, mwajiri atenge saa za masomo ndani ya wiki ya kazi. Serikali inayotaka wauguzi wasome usiku kwa bando lao wenyewe, kisha ikavuna sifa ya huduma bora, haiwatendei haki. Vyuo vyetu, vikiwemo Muhimbili, Makerere na Nairobi, vina walimu wanaoweza kutunga kozi hizi kwa ada ya hapa na kwa mifano ya hapa, na mabaraza yetu yakubali kuzihesabu katika kuhuisha leseni.

Mtihani wa daftari

Utafiti mkubwa wa Uingereza juu ya kisukari, ulioanza mwaka 1977 na kuwafuata wagonjwa zaidi ya 5,000, ulitoa matokeo yake makuu mwaka 1998. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinapokuwa chini kwa pointi moja ya asilimia, madhara ya mishipa midogo, ile ya macho na figo, huwa machache kwa asilimia 37. Faida hizo zilihesabiwa kwa miaka mingi. Hakuna kozi ya miezi kumi na miwili inayoweza kumwonyesha mwalimu jicho lililookolewa.

Lakini daftari la kliniki linaweza kumwonyesha dalili zake. Siku ya kujiandikisha, mwanafunzi ahesabu: kati ya wagonjwa wangu wa kisukari, wangapi walikaguliwa miguu mwaka huu? Kati ya wenye presha, wangapi imeshuka chini ya kiwango? Wangapi hawajaonekana kwa miezi mitatu, na nani aliwapigia simu? Siku ya kuhitimu ahesabu tena, msimamizi wake wa wilaya akiwa kando. Chuo kikichapisha tofauti ya hesabu hizo mbili, mwombaji atajua analipia nini, na serikali itajua inafadhili nini.

Tukikubali mtihani huo, zahanati yenyewe itakuwa imekuwa chuo, na mwanamke aliyeketi kwenye benchi la nje Jumatano asubuhi, kadi mkononi, miaka kumi na mmoja tangu aambiwe ana sukari, atakuwa ndiye anayetoa alama. Akiingia kwa miguu yake miwili na kusoma mwenyewe tarehe ya kurudi, muuguzi wake amefaulu.